Siku Nilipokalia Kiti cha Odette

Nilimdanganya Odette kwamba Mkuu wa kituo anamtaka makao makuu ya kambi haraka. Alipopanda boda akaenda, nikaingia chumba cha akina mama nikakalia kiti chake. Huo ndio ujinga wenyewe. Nimeutaja kwanza kwa sababu wazee wanaoandika kumbukumbu za kazi huanza na viatu walivyovaa siku ya kwanza, na ujinga wao wanauficha ukurasa wa tisini. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Kurasa tisini nitazitoa wapi?

Kazi yangu ilikuwa ukalimani, katika kituo cha afya upande wa Rubondo, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Niliifanya likizo tatu mfululizo. Ninyi mlio madarasa ya chini mnadhani likizo tatu ni kidogo, jaribuni kusimama getini toka saa moja asubuhi mkiwaeleza watu mia kwa lugha nne kwamba daktari hajafika.

Siku ya kwanza nilikwenda na shati la shule na raba za kaka yangu. (Mnaona, hata mimi nimefika kwenye viatu.) Mkuu wa kituo, mtu mrefu wa hapa hapa wilaya ya Isingiro ambaye hakuwahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa moto, aliniuliza najua lugha ngapi. Nikasema tano. Ya tano ilikuwa matusi matatu ya Kisomali niliyookota sokoni, lakini hakunifanyia mtihani. Akanipa kizibao cha njano kilichochanika kwapani, na kanuni moja.

"Unachosikia chumbani kinafia chumbani," alisema. "Ukikipeleka nyumbani, usirudi."

Nikapanda vyeo. Nilianzia getini, nikapelekwa chumba cha vipimo vya malaria, ambako kazi ni kuwaambia watoto kwamba sindano haiumi, yaani uongo wa kulipwa sabuni, maana mshahara wetu ulikuwa sabuni. Kisha nikawekwa dirisha la dawa. Hapo nilikuwa mfalme. Watu waliniita "Daktari mudogo." Bibi mmoja alinibariki kwa Kifuliiru, lugha ya kwetu Kongo, mpaka nikajiona nina mabawa. Nilijua kila jina la kidonge, na nilijua kila mtu anayekwenda kukitupa akifika nyumbani.

Halafu akaja Odette.

Odette alikuwa Mrundi, Mkatoliki, miaka kumi na tisa, amemaliza shule, anakaa upande wa pili wa kilima. Alizungumza polepole kama mtu anayehesabu mayai. Musawo, ndivyo tulivyomwita mkunga wetu kama wanavyoita Waganda, alimchukua wiki ile ile akampa chumba cha akina mama. Mimi nilikuwa nimekiomba chumba kile mara mbili. Kilikuwa na pazia, feni, na kiti chenye mto. Odette akapewa na koti jeupe. Koti zima! Mimi kwapa langu linapigwa na upepo, yeye ana koti lenye mifuko miwili.

Nilimwonea wivu mpaka chakula kikapoteza chumvi. Wagonjwa walimletea parachichi. Walinzi walimfungulia geti kabla hajafika. Nyumbani ndiko kulikonimaliza: mama yangu, mama wa kanisa letu la kilokole, ambaye hamsifu Mkatoliki bila kukohoa kwanza, alisema mezani, "Ule mutoto wa Barundi anasikia vizuri." Hakukohoa. Sikulala vizuri wiki nzima.

Nilikwenda kwa Musawo kudai haki yangu. Musawo alikuwa Mnyankore wa Mbarara mjini. Kiswahili chake kilitosha kununua kuku na kumfukuza mlevi. Hakikutosha kumuuliza mwanamke habari za kizazi chake, ndiyo maana alihitaji mkalimani.

"Wewe kijana," aliniambia, "hapa kwa mama hapana ingia. Mama ataona wewe, atafunga mdomo."

"Lakini Musawo, mimi najua lugha kuliko yeye."

"Mimi natafuta mutu ya lugha? Mimi natafuta mutu mama atasema mbele yake. Enda dirishani."

Niliona ni wizi tu. Ndipo nikapanga ule uongo wa makao makuu. Jumanne moja foleni ikiwa ndefu, Odette akapanda boda, nami nikamwambia Musawo, "Odette hajafika, labda anaumwa. Niko." Musawo aliangalia foleni, akaniangalia mimi, akaangalia dari. "Kaa," alisema, "kwa leo." Nikakalia ule mto. Sitasema uongo tena: ulikuwa mtamu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kuanzia hapa kuna mtu aliyekaribia kufa.

Aliingia mama ninayemjua. Nitamwita Mama Riziki, na si jina lake. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, anaimba sauti ya pili katika kwaya yetu. Kanuni ya Mkuu wa kituo sijaisahau. Haya ninayoandika ameniruhusu mwenyewe, kwa sharti nitakalowaambia mbele.

Pale kituoni, wagonjwa hubeba daftari la shule kama kadi ya hospitali. Daftari la Mama Riziki lilikuwa na mwandiko wa Odette uliolala vizuri, na chini yake Kiingereza cha Musawo. Siku kumi na moja nyuma alikuwa amemeza vidonge vya kutoa mimba. Siku ya tatu alikuja kituoni akamweleza Odette yote, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, au mapema akiona dalili mbaya. Musawo hakuwa na desturi ya kuuliza mtu vidonge alivitoa wapi wala kwa nini. "Hiyo si dawa," alisema siku zote. "Mimi nauliza damu, joto, harufu, maumivu."

Na hayo ndiyo aliyoniambia niulize. Damu bado inatoka? Amelowesha pedi ngapi, na kwa muda gani? Kuna uchafu ukeni wenye harufu mbaya? Joto mwilini baada ya ile siku ya vidonge? Siku ya vidonge yenyewe mtu anaweza kutetemeka na kupata homa ya muda mfupi, dawa ndiyo inafanya hivyo. Homa ya siku zinazofuata ni habari nyingine. Inaweza kuwa maambukizi: vijidudu vimeingia kwenye kizazi, hasa kama kuna mabaki ya mimba ambayo hayakutoka.

Maswali manne mazuri. Mnajua niliyafanya nini? Nilimwangalia Mama Riziki, naye akaniangalia mimi, mtoto anayemwomba maji ya kunywa akitoka mpirani, na ulimi wangu ukavaa suruali ndefu na tai.

"Musawo anauliza kama uko sawa," nikasema. "Na kama mambo ya... ya usafi iko kawaida."

Mama Riziki aligeukia ukuta. "Niko sawa. Iko kawaida."

"Na tumbo?"

"Tumbo ni ya banamuke, inaumaka tu. Sina kitu."

Nikamgeukia Musawo kwa Kiingereza changu cha dirishani: hakuna homa, hakuna harufu, damu ya kawaida, tumbo kidogo. Nilijibu maswali manne, na mimi nilikuwa nimeuliza moja na nusu. Musawo akampima joto. Kipimo hakikuonyesha kitu. Akataka apande kitandani amguse tumbo na amchunguze. Mama Riziki alishika kitenge chake kwa mikono miwili akasema siku nyingine. Musawo akanitazama kwa muda mrefu. Nje mtoto wa mtu alikuwa anapiga kelele, foleni inasukumana. Akamwandikia vidonge vya kuongeza damu, akamwambia arudi Ijumaa.

Nilitafsiria akina mama kumi na mmoja siku ile. Nikatoka nimevimba kama mkate.

Odette alirudi saa nane mchana, nywele zimejaa vumbi. Alikuwa amezunguka ofisi tatu za makao makuu akiuliza nani anamtaka. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimeandaa majibu, mengine mazuri sana. Hakunitukana. Akauliza, "Nani alikuja?" Ni haki yake, wakalimani hupokezana zamu kama wauguzi, habari za wagonjwa wanaambiana wao kwa wao.

"Kumi na mmoja," nikasema. "Na hakuna hata mmoja aliyelia. Kwako wanalia kila siku."

"Huyu je?" Aliweka kidole kwenye jina la Mama Riziki katika kitabu cha mahudhurio. "Alisema harufu?"

"Alisema hakuna."

"Uliuliza harufu?"

"Niliuliza usafi."

"Usafi!" Odette alicheka bila furaha. "We mutoto, umemuuliza kama amefagia? Alikutazama usoni?"

"Alitazama ukuta."

"Alivaa nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si fundi cherehani. Lakini nilikumbuka. "Vitenge viwili. Na sweta."

Jua la siku ile lilikuwa linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Odette akafunga kitabu cha mahudhurio. "Alikunywa panadol mbele ya kuja?" aliuliza.

Hilo sikuliuliza. Panadol inashusha joto kwa saa kadhaa, na kipimo kinadanganyika kama mtu mwingine yeyote.

Hapa ndipo ninapoona haya kuliko hapo kwenye kiti. Niliyajua yote mle ndani ya kichwa changu kwa wakati mmoja: sweta, ukuta, mikono iliyoshika kitenge. Na bado niliomba Odette awe amekosea. Sikuomba mama awe mzima. Niliomba Odette akosee. Akipatia, nikawaza, atapewa na koti la pili.

"Kama hutamwambia Musawo, nitamwambia mimi," alisema.

Hilo nalo lilinikera, aje afanye hata hilo vizuri kuliko mimi. Nikamtangulia mbio. Nilimkuta Musawo ananawa mikono, nikamwaga yote: makao makuu, usafi, ukuta, sweta. Hakupiga kelele. Alifunga bomba.

"Mimi nauliza harufu," alisema taratibu, "wewe naleta mimi jibu ya swali hapana uliza. Hata moja?"

"Hata moja, Musawo."

"Mutu nakufa kwa hiyo, kijana. Iko nyumba gani?"

Nyumba niliijua. Hilo ndilo jambo pekee nililokuwa na faida nalo siku ile. Tulifika watatu na gari la wagonjwa. Mama Riziki alikuwa amelala chini juu ya mkeka, meno yanagongana, paketi ya panadol tupu kando ya mto. Nilipochungulia mlangoni akavuta kitenge mpaka kidevuni. Odette akanisukuma nje kwa kiwiko, akapiga magoti, akasema kitu kimoja kwa sauti ya chini. Nikiwa ukutani nilisikia Mama Riziki anaanza kulia na kusema, na kusema, kama bomba la kisima lililokuwa limeziba: harufu toka Jumamosi, joto toka Jumapili, maumivu ya chini ya tumbo yasiyolala, damu iliyokuwa imepungua sasa imerudi na mabonge. Yote aliyaleta kituoni asubuhi ile. Yalinikuta mimi nimekaa kitini, akayarudisha nyumbani.

Alipewa rufaa, yaani barua ya kupelekwa hospitali kubwa, Mbarara. Mume wake alikuwa Endiinzi anachunga ng'ombe wa watu na simu yake haikupatikana. Hospitali kubwa hailazi mtu bila mlezi wa kumletea uji, kufua nguo na kubeba beseni. Musawo akaninyooshea kidole. "Wewe. Odette ndani kwa kutafsiri. Wewe nje kwa beseni."

Basi huo ndio ulikuwa uhamisho wangu wa mwisho: benchi la nje, wodi ya wanawake, Mbarara. Siku nne. Walezi wengine walikuwa mashangazi na mabibi. Walinipa jina, "Mama Beseni," wakanifundisha kufua kitenge chenye damu kwa maji baridi, si ya moto. Nikafua. Ndani walimtundikia dripu ya dawa za kuua vijidudu, na kwa kuwa mabaki yalikuwepo kweli, wakamsafisha kizazi. Kila mlango ulipofunguliwa niliona koti jeupe la Odette, nami ninakamua kitenge.

Daktari wa zamu alikuwa mwanaume. Kijana kabisa, ndevu tatu. Mama Riziki alimjibu kila kitu! Nilikaa pale benchi na wivu mpya, mkubwa kuliko ule wa koti. Kwa hiyo haikuwa habari ya suruali. Daktari hakujua mama huyu anaimba sauti ya pili. Odette hakujua. Mimi nilijua mpaka kuku wake wangapi wanataga. Sisi wakimbizi wa upande wetu tulimtafuta mkalimani wa lugha moja na sisi, tukasahau kwamba mtu wa lugha moja na wewe ndiye wa kanisa moja na wewe.

Siku ya kuruhusiwa, dirisha lilikuwa wazi, nikasikiliza. Nakiri. Mama Riziki aliuliza swali ambalo nadhani ndilo lililomlaza kwenye mkeka siku zote zile bila kusema: "Batu banasema dawa ile inaunguza kizazi. Nitazaa tena?"

Daktari akajibu kwa Kiingereza, na Odette hakusema "daktari anasema kwamba." Alisema "mimi," kana kwamba ni yeye.

"Vidonge havikuunguza kizazi. Maambukizi ndiyo yanaweza kuharibu mirija yakiachwa. Yako tumeyatibu. Maliza dawa zote, hata ukijisikia mzima. Hedhi yako inaweza kurudi baada ya wiki nne mpaka sita. Ya kwanza inaweza kuwa nzito au nyepesi kuliko ulivyozoea, na tarehe zikayumba miezi miwili, mitatu. Usiogope. Lakini ukilowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, saa mbili mfululizo, au ukapata homa au harufu tena, usingoje tarehe ya daftari. Na ujue kwamba mimba inaweza kushika hata kabla ya hiyo hedhi ya kwanza. Kama hutaki, tuzungumze njia leo."

Halafu Mama Riziki akalia, na Odette akanyamaza. Hakujaza ule ukimya na chochote. Mimi ningesema utani. Ningesema kitu cha kuku. Yeye alikaa tu, mpaka mama akamaliza mwenyewe akauliza swali lingine. Nilitamani kumchukia, nikakosa pa kushika.

Mama Riziki alitoka akiegemea ukuta, akanikuta na beseni.

"Kumbe ni weye ulikuwa unanifulia?"

"Ni mimi, mama. Munisamehe."

"Kukusamehe, tutaona." Akaketi, akapumua. "Ulikaa pale kama shemasi, mutoto huyu! Nikasema, nikifungua kinywa, Jumapili kwaya yote itaimba habari yangu." Akatazama vitenge vyake vilivyoanikwa. "Hata hivyo umefua muzuri. Si unaandikaka? Andika hii, batoto babichi bajue harufu na joto si mambo ya kufunika. Lakini jina yangu ukiandika, nitasimama kanisani niseme ulikojoa kitandani mpaka miaka ngapi."

Hilo ndilo sharti. Anajua miaka.

Mkuu wa kituo aliniita Jumatatu. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimepoa. Alisema naweza kubaki getini, mbali na vyumba vyote, mpaka nijifunze kwamba mkalimani hachagui swali. Nikavua kizibao mwenyewe nikakikunja juu ya meza. Wastaafu wote husema walichoka, mimi sikuchoka. Nilijua tu kwamba nikibaki getini nitamwona Odette anapita kila asubuhi, na nitamwonea wivu kila asubuhi, na safari hii nitakuwa najua sababu. Nilimwomba radhi. Alinijibu kwamba nauli ya boda ya makao makuu bado iko moyoni mwake, lakini alinipa nusu ya parachichi. Lilikuwa zuri. Hata hilo lilinikera.

Wadogo zangu, mkipewa kiti katika chumba cha mgonjwa, ulizeni swali lililoulizwa, kwa jina lake. Na mgonjwa akitazama ukuta, ninyi ndio mnaopaswa kutoka. Hayo ndiyo niliyoyapata kazini. Mengine ni sabuni.

Nyumbani nilimweleza mama yangu kwa nini sina kizibao tena. Sikutaja jina la mgonjwa. Nilisema tu kwamba mwanamke mmoja alificha ugonjwa wake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Nilingoja anipige na ungo.

"Ile siku ulinitafsiria kwa daktari," alisema, "nikasema ni kichwa. Haikukuwa kichwa. Kesho uniitie Odette."